Pembetatu mraba: ukipewa upande mmoja tu, pande mbili nyingine zinapatikana?

Bikari (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Kuna swali linazunguka kwenye makundi ya hesabu na majibu yake yananikera: "Pembetatu mraba ina upande wenye urefu wa 12. Tafuta pande nyingine mbili." Basi. Hakuna pembe nyingine iliyotajwa, hakuna eneo, hakuna mzingo. Wengine wanasema haiwezekani. Wengine wanajibu "5 na 13" bila kueleza wamezitoa wapi, kisha wanaondoka kifua mbele.

Msimamo wangu: wote wamejibu nusu. Kama urefu unaweza kuwa namba yoyote, majibu hayana mwisho. Chora mstari wa 12, simamisha mwingine kwa nyuzi 90 uwe mrefu upendavyo, unganisha ncha, umepata pembetatu halali. Lakini ongeza sharti moja, kwamba pande zote tatu ziwe namba nzima, na mambo yanabadilika kabisa. Majibu yanakuwa machache, na unaweza kuyakamata yote bila kubahatisha.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Pande fupi ni zile mbili zinazokutana kwenye pembe mraba (ile ya nyuzi 90). Nitaziita a na b. Hipotenusi ni ule unaoitazama pembe mraba, nao ndio mrefu kuliko wenzake, nitauita c. Uhusiano wao, yaani kanuni ya Pythagoras, ni a² + b² = c².

Weka a = 12. Tunapata c² − b² = 144. Tofauti ya miraba miwili huvunjika hivi: (c − b)(c + b) = 144. Kwa hiyo kazi yote ni kutafuta namba mbili ambazo zao lake ni 144. Namba hizo zinatofautiana kwa 2b, kwa hiyo zote mbili ni shufwa au zote mbili ni witiri. Na kwa kuwa 144 ni shufwa, haziwezi kuwa witiri zote. Zinabaki jozi nne:

2 × 72, inatoa b = 35, c = 37
4 × 36, inatoa b = 16, c = 20
6 × 24, inatoa b = 9, c = 15
8 × 18, inatoa b = 5, c = 13

(c ni nusu ya jumla ya jozi, b ni nusu ya tofauti.) 12 × 12 inatoa b = 0, hiyo si pembetatu tena. Na kama 12 ndiyo hipotenusi? Upande mrefu kati ya zile fupi ungepaswa kuzidi 8, kwa hiyo jaribu 9, 10 na 11: zinabaki 63, 44 na 23, hakuna hata moja yenye kipeuo cha pili kilicho namba nzima. Pembetatu ni nne, hakuna ya tano.

Karibuni mnipinge.

mtoro_wa_hisabati

Mkuu, umeandika vizuri ila mimi nimekwama mapema zaidi. Hiyo a² + b² = c² tuliimbishwa darasani mpaka ikakaa kichwani, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini iwe miraba. Kwa nini isiwe a + b = c tu, yakaisha?

Rula na Penseli

Mtoro, a + b = c haiwezekani kwa pembetatu yoyote, yenye pembe mraba au isiyo nayo. Anayetoka kona moja kwenda nyingine kwa kupitia ya tatu lazima atembee zaidi ya aliyekata moja kwa moja. Siku a + b ikilingana na c, pembetatu imelala chali na kuwa mstari.

Ila "kwa nini miraba" ni swali zuri kuliko uzi wenyewe (Bikari atanisamehe). Uthibitisho wa kanuni hii upo wa kila aina. Mmarekani Elisha Loomis alikusanya zaidi ya 350 kufikia mwaka 1940. James Garfield naye alichapisha wa kwake mwaka 1876 kwa kutumia umbo la trapeza, miaka mitano kabla ya kuwa rais wa Marekani. Mwingi kati yake ni wa kukata vipande na kuvipanga upya: unaona vimetoshea, unakubali, lakini unaondoka hujui kilichosababisha. Upo mmoja ambao sababu iko wazi, na ndio ninaomfundishia mtu yeyote anayeniuliza.

Chora pembetatu mraba, uilaze hipotenusi ikiwa chini. Kutoka kwenye kona ya pembe mraba dondosha mstari wima mpaka uguse hipotenusi. Sasa una pembetatu mbili ndogo, ya kushoto na ya kulia. Itazame ya kushoto: ina pembe mraba pale mstari ulipotua, na ina ile ile pembe kali ya kushoto ya pembetatu kubwa. Pembe mbili zikishalingana, ya tatu haina ujanja, maana jumla ni nyuzi 180. Kwa hiyo ya kushoto ni pembetatu kubwa ile ile, imepunguzwa tu na kugeuzwa. Ya kulia nayo vivyo hivyo.

Hapa ndipo penye utamu. Tuna pembetatu tatu za umbo moja. Hipotenusi ya ile kubwa ni c. Hipotenusi za zile ndogo ni nani? Ni a na b, pande fupi za pembetatu kubwa! Na maumbo yanayofanana yana tabia moja: ukirefusha kila upande mara 2, eneo linakuwa mara 4, mara 3, eneo linakuwa mara 9. Eneo linafuata mraba wa urefu. Basi eneo la kila moja ya hizo tatu ni namba fulani k mara mraba wa hipotenusi yake, na k ni moja kwa zote kwa sababu umbo ni moja.

Ndogo mbili zikiunganishwa ni ile kubwa, hakuna kilichoongezwa wala kupotea:

ka² + kb² = kc²

Gawanya kwa k. Kwisha habari.

Chukua 3-4-5 uone kwa namba. Mstari uliodondoshwa una urefu wa 2.4, na unaigawa hipotenusi kuwa 1.8 na 3.2. Eneo la ndogo ya kwanza ni 2.16, la ya pili ni 3.84, jumla 6. Na 6 ndilo eneo la 3-4-5 nzima. Hapo k ni 0.24: zidisha kwa 9, kwa 16 na kwa 25 ujionee.

Kwa hiyo miraba, Mtoro, imetokana na tabia ya eneo. Na pembe mraba imeingiaje? Ni hivi: ni pembetatu mraba peke yake inayoweza kukatwa kwa mstari mmoja kutoka kwenye kona ikatoa nakala mbili ndogo za yenyewe. Pembetatu nyingine yoyote ukiikata hivyo, angalau kipande kimoja kitatoka na umbo jingine. Ndiyo maana uhusiano huu ni wa kwake pekee.

mtoro_wa_hisabati

Nimechora. Nimeelewa. Nina hasira na walimu wangu.

kipembe

Rula, kama hoja ni eneo tu, basi si lazima tuchore miraba juu ya pande. Naweza kuweka umbo lolote?

Rula na Penseli

Lolote, mradi yote matatu yafanane. Nusu duara juu ya kila upande: mbili ndogo kwa pamoja zinalingana na ile kubwa. Pembetatu zenye pande sawa, nyota, hata picha ya uso wako. Mgiriki Euclid aliliweka hilo katika kitabu cha sita cha kazi yake, karibu mwaka 300 KK, na ile ya miraba aliiweka katika cha kwanza kama pendekezo la 47.

Na ya nusu duara ina kisa chake. Hippocrates wa Chios (si yule wa tiba) aliishi karne ya 5 KK. Kwa pembetatu mraba yenye pande fupi sawa, alichora nusu duara kwa nje juu ya pande mbili fupi, kisha nusu duara ya hipotenusi akaikunjia upande wa ndani, ikapita kwenye kona ya pembe mraba. Yakabaki maumbo mawili mfano wa mwezi mwandamo, yamechomoza nje ya pembetatu. Eneo la miezi hiyo miwili kwa pamoja ni sawasawa na eneo la pembetatu yenyewe. Hakuna π kwenye jibu ingawa mipaka yote ya miezi ni mviringo. Chora, ujumlishe na kutoa nusu duara, utaona π zinavyofutana.

kipembe

Hiyo ya miezi nitalala nayo leo.

Fundi Skwea

Nyie endeleeni na miezi, mimi nipo kazini. Kwa sisi wa ujenzi 3-4-5 ndiyo kila kitu. Unapima mita 3 kwenye ukuta huu, mita 4 kwenye ule, halafu unavuta futi kamba mshazari. Ikisoma mita 5 kamili, kona iko skwea. Ikizidi, kona imefunguka. Ikipungua, imejifunga. Sijawahi kuhitaji kujua k ni nini.

Ila swali moja kwa wataalamu: msaidizi wangu akisoma mita 5 na sentimita 5 akasema "inatosha", nimwambie nini?

Bikari

Mwambie akapime tena. Ukifanya hesabu, pande 3 na 4 na mshazari 5.05 zinatoa pembe ya takriban nyuzi 91.2. Inaonekana kidogo, lakini ukuta ukiwa wa mita 12 mwisho wake utakuwa umetoka nje ya mstari kwa sentimita 25 hivi. Na dawa unayo: tumia pembetatu kubwa zaidi. Kwa 6-8-10, kosa lile lile la sentimita 5 linatoa nyuzi 0.6 tu, nusu ya lile la kwanza.

Halafu ona ulichokifanya, Fundi. Wewe unaitumia kanuni kwa kurudi nyuma. Sisi tunasema "pembe ni mraba, kwa hiyo miraba inajumlishika." Wewe unasema "miraba imejumlishika, kwa hiyo pembe ni mraba." Hizo ni kauli mbili tofauti na ya pili inahitaji uthibitisho wake. Euclid aliliona hilo, akaiweka mara tu baada ya ya kwanza, pendekezo la 48, la mwisho katika kitabu kile.

Kwa hiyo miraba inaweza hata kukuambia pembetatu ni ya aina gani kabla hujaichora. Pande 4, 5 na 6: 16 + 25 = 41, ni kubwa kuliko 36, basi pembe zote ni kali. Pande 4, 5 na 7: 41 ni ndogo kuliko 49, basi kuna pembe butu.

Fundi Skwea

6-8-10 nimeichukua. Hayo mengine nimeyaachia wenyewe.

Mpekuzi wa Kale

Tusisahau asili yake. Wamisri wa kale walikuwa na kamba yenye mafundo yaliyogawa sehemu 12 sawa. Waliivuta kwa 3, 4 na 5 kupata pembe za piramidi. Inasimuliwa kwamba Mgiriki Pythagoras alikwenda kwao akajifunza.

Rula na Penseli

Mpekuzi, hiyo ya kamba inasimuliwa kila mahali lakini ushahidi wake ni mwembamba mno. Aliyeieneza ni Moritz Cantor, mwanahistoria wa hisabati wa Ujerumani katika karne ya 19, na kwake ilikuwa dhana: walikuwa na wapima kamba, kwa hiyo huenda walifanya hivi. Hakuna maandishi ya Misri yanayoonyesha kamba hiyo ikivutwa 3-4-5. Karibu kabisa na hapo ni papiri moja iliyopo Berlin yenye swali la miraba miwili ambayo jumla ya maeneo yake ni 100, na upande wa mmoja ni robo tatu ya upande wa mwingine. Jibu ni 6 na 8. Namba ndizo, ila pembetatu haimo.

Ushahidi mzito uko Babeli. Kuna kibao cha udongo kiitwacho Plimpton 322, kiko Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, cha takriban mwaka 1800 KK. Kina mistari 15 ya namba kwa mfumo wa 60 (kuhesabu kwa makundi ya 60 badala ya 10), na kila mstari una upande mfupi na mshazari. Mstari wa kwanza una 119 na 169. Upande uliobaki ni 120. Wa nne una 12709 na 18541, na upande uliobaki ni 13500. Piga hesabu mwenyewe uone kama mtu anaweza kuangukia hiyo kwa kubahatisha. Wanazuoni wanabishana kibao kilikuwa cha kazi gani, lakini aliyekiandika alikuwa na njia ya kutengeneza namba hizi, tena zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Pythagoras, ambaye aliishi karne ya 6 KK na hakuacha maandishi hata mstari mmoja.

Kingine kiko Chuo Kikuu cha Yale, kinaitwa YBC 7289. Kimechorwa mraba na mishazari yake, na juu ya mshazari kuna kipeuo cha pili cha 2 kwa mfumo wa 60: ukikigeuza kuwa desimali unapata 1.414213 hivi, sahihi hadi tarakimu ya tano baada ya nukta. India nako, maandiko ya kujengea madhabahu ya Baudhayana, ya karne kadhaa KK, yanasema wazi kwamba mshazari wa mstatili huzaa peke yake maeneo yote mawili ambayo pande mbili huzaa kila mmoja kivyake. China ina kanuni hii hii katika maandiko yake ya kale ya unajimu na hesabu.

Mpekuzi wa Kale

Hiyo 119-120-169 inanishangaza. Pande fupi karibu zilingane!

Namba Tasa

Na hazitalingana kamwe. Pembetatu mraba yenye pande fupi sawa ina hipotenusi ambayo ni upande mara √2, na √2 haiandikiki kama sehemu ya namba nzima mbili. Kwa hiyo ukitaka pande zote tatu ziwe namba nzima, pacha kamili hupati. Unaweza kukaribia tu: 3-4-5, kisha 20-21-29, kisha 119-120-169, kisha 696-697-985. Zinaendelea bila mwisho, kila mara tofauti ni 1, na kila mara umbo linazidi kukaribia nyuzi 45.

Mkitaka kuzizalisha zote na si hizi tu, njia moja ni hii. Chagua namba nzima mbili, m kubwa na n ndogo. Pande ni m² − n², 2mn na m² + n². Weka 2 na 1 upate 3-4-5. Weka 3 na 2 upate 5-12-13. Weka 12 na 5 upate ile ya Babeli. Ukichagua m na n zisizo na kigawo cha pamoja, moja shufwa na moja witiri, unapata zile za msingi zote. Nyingine zote ni vizidishe vya hizo.

Na kwa asiyependa herufi kuna ujanja wa mfukoni. Chukua namba witiri yoyote kuanzia 3, ipige mraba, kisha mraba huo uugawanye uwe jumla ya namba mbili zinazofuatana. 3: 9 = 4 + 5. 5: 25 = 12 + 13. 7: 49 = 24 + 25. 9: 81 = 40 + 41. Hizo mbili ndizo pande zilizobaki. Ni hesabu ya Bikari ile ile pale c − b inapokuwa 1.

kipembe

Mwaka 2023 si kuna wanafunzi wawili Marekani waliofanya uthibitisho uliosemwa hauwezekani kwa miaka 2000? Mbona hamuwataji?

Rula na Penseli

Ni Ne'Kiya Jackson na Calcea Johnson, wakiwa bado sekondari mjini New Orleans. Waliwasilisha kazi yao Machi 2023 kwenye mkutano wa chama cha wanahisabati wa Marekani, na makala ikachapishwa Oktoba 2024. Wanastahili sifa zote, lakini vichwa vya habari vilitia chumvi. Suala lilikuwa hili: unaweza kuithibitisha kanuni kwa trigonometria (hesabu za uhusiano wa pembe na pande) bila kuitegemea kanuni yenyewe? Loomis aliandika kwamba haiwezekani, kwa sababu mlinganyo mkuu wa trigonometria, kwamba mraba wa sini na mraba wa kosini jumla yake ni 1, wenyewe ni Pythagoras aliyebadilisha nguo. Mmarekani Jason Zimba alionyesha njia mwaka 2009. Hawa wawili wakaja na njia zao mpya, si moja, na mojawapo inapanga pembetatu zinazopungua bila mwisho na kujumlisha urefu wake. Ni kazi safi. "Miaka 2000" ni ya magazeti.

Namba Tasa

Turudi kwenye mada. Nimekaa na majibu manne ya mleta uzi nikayachorea duara la ndani, lile linalogusa pande zote tatu. Kwa pembetatu mraba, nusu kipenyo cha duara hilo ni r = (a + b − c)/2. Sasa tazameni:

5-12-13: r = 2
9-12-15: r = 3
12-16-20: r = 4
12-35-37: r = 5

Bikari, ulilipanga hili?

Bikari

Sikulipanga, lakini sababu ipo na nimefurahi umeliona. Kwanza kwa nini kanuni ya r iko hivyo: kwenye kona ya pembe mraba, duara na pande mbili vinatengeneza mraba mdogo wenye upande r. Upande a unabakiwa na a − r, upande b unabakiwa na b − r. Mistari miwili inayogusa duara kutoka nukta moja hulingana, kwa hiyo mabaki hayo yanahamia kwenye hipotenusi na kuijaza: c = (a − r) + (b − r). Panga upya, umeipata.

Sasa andika hivi: r = (12 − (c − b))/2. Na c − b kwa jozi zangu nne ni 8, 6, 4 na 2. Ndiyo maana r zimepangana 2, 3, 4, 5. Kungekuwa na r = 1, ingebidi c − b iwe 10, na 10 haiigawi 144 bila kubakiza. Pembetatu hiyo ipo kwenye karatasi, pande zake ni 2.2, 12 na 12.2, ila imeshindwa sharti la namba nzima.

mtoro_wa_hisabati

Kwa hiyo r = 1 haipo kwa namba nzima?

Namba Tasa

Ipo, ila si kwa 12. Chukua c = a + b − 2r, iweke kwenye Pythagoras, panua, futa yanayofutika. Unabaki na:

(a − 2r)(b − 2r) = 2r²

Kila upande mfupi unazidi 2r, maana kipenyo cha duara lazima kienee ndani, kwa hiyo namba zote mbili upande wa kushoto ni chanya. Kwa r = 1, zao ni 2, na 2 ni 1 × 2 tu. Kwa hiyo a = 3, b = 4. Pembetatu ya Fundi ndiyo pekee duniani yenye namba nzima na duara la ndani la nusu kipenyo 1. Kwa r = 2, zao ni 8: 1 × 8 inatoa 5-12-13, 2 × 4 inatoa 6-8-10. Kwa r = 3, zao ni 18: unapata 7-24-25, 8-15-17 na 9-12-15.

mtoro_wa_hisabati

Moja, mbili, tatu! Basi r = 4 zitakuwa nne.

Namba Tasa

Hesabu: 2r² ni 32. Jozi ni 1 × 32, 2 × 16, 4 × 8. Zimeishia tatu: 9-40-41, 10-24-26, 12-16-20.

mtoro_wa_hisabati

Aah. Na 5?

Namba Tasa

50. Tatu tena, na moja ni 12-35-37 ya mleta uzi. Halafu kwa r = 6 zao ni 72, na 72 ina jozi sita. Ya mwisho kati yake ni 8 × 9. Jumlisha 12 kwa kila moja uone unapata nini.

mtoro_wa_hisabati

20 na 21. Hipotenusi 29. Ile ya karibu-pacha!